Mafuta Yasiyoingia Ndani

Naandika kwa ajili ya mwanamke aliyejifungua salama, akapona uzazi, kisha akashangaa kuona miguu yake haimtii. Kama wewe ndiye, huenda umeambiwa ni uvivu wa kukaa ndani. Mimi niliambiwa hivyo, tena na watu walionipenda. Sitaeleza ugonjwa huu unatoka wapi, maana waliosomea wanajua na mimi sijui. Nitaeleza nilichokiona, kwa mfuatano kama nilivyokiona. Mume wangu, Eliamani, husema ningefaa kuwa karani wa baraza kwa jinsi ninavyouliza maswali na kukumbuka nani alikaa wapi. Leo tabia hiyo imepata kazi.

Kijiji chetu kiko milimani juu ya Makanya. Asubuhi isiyo na ukungu ukisimama penye kanisa unaliona gari moshi likipita huko chini kwenye tambarare kavu, dogo kama jongoo. Eliamani alikuwa kibarua wa reli huko, akipanda nyumbani Jumamosi na kushuka Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: mimi, mama mkwe, na wifi yangu Nakiete, ambaye alikuwa amekwisha kuposwa na kijana wa mlima wa pili.

Mwanangu Kiondo alizaliwa mvua za vuli zikielekea mwisho. Kabla yake nilikuwa nimezaa binti ambaye hatukudumu naye. Mama mkwe aliamini kwamba mtoto yule alipigwa na baridi kwa sababu nilitoka naye nje mapema. Hakuwahi kunilaumu kwa maneno. Lakini Kiondo alipozaliwa alining'inizia ngozi mlangoni mwa chumba cha ndani, akaziba hata ule ufa ambao paka hupitia.

Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Halimi, hachoti maji, hatoki kwenda popote ila haja. Analishwa uji wa ulezi na nyama ya mafuta, anakaa karibu na moto, na wageni humwona kwa ruhusa. Ni desturi nzuri, nami sitaki mtu anisome akadhani naitukana. Yako wapi makabila mengine ambako mwanamke anaambiwa na mama mkwe wake akae tu, ale? Shida yangu ni kwamba miezi yangu haikuisha. Kiangazi kilipokaribia mwisho, niliposubiri kutolewa, mama mkwe akasema mtoto bado mdogo wa mwili. Masika yakaanza, ukungu ukalala mlangoni.

"Ngoja mvua zikatike, Mama Kiondo," akasema. "Nje kuna nini unachokikimbilia? Shamba lipo, halihami."

Basi nilingoja. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Mwanangu nilimjua kwa harufu na kwa sauti kabla sijajua rangi ya macho yake.

Maumivu yalianza katikati ya masika. Kwanza kiuno, nikadhani ni kwa sababu ya kunyonyesha nikiwa nimeinama. Kisha nyonga, kisha mifupa ya miguu kwa mbele, ambayo nikiibonyeza kwa kidole niliuma meno. Mapaja yakawa mazito, kama ya mtu anayevuka mto. Nikitaka kuinuka kwenye kigoda ilinibidi nishike ukuta kwa mkono mmoja na goti kwa mkono wa pili, nijisukume.

Siku ya kutolewa nje ilifika mvua zilipokatika. Majirani walikuja, mbuzi alichinjwa. Nilipita mlangoni, mwanga ukanipiga machoni, nikasimama. Nilipoanza kutembea Nakiete alicheka.

"Wifi, umeiga wapi mwendo wa bata wa mchungaji?"

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, maana kweli nilikuwa nikiyumba kama bata. Kisha wakanipa Kiondo nimwinue juu, watu wamwone. Nilimwinua mpaka kifuani. Magoti yakakatika, nikashuka chini nimemkumbatia, taratibu, kama mtu anayepiga magoti kusali. Hakuumia. Nakiete aliacha kucheka, akamchukua, akamfunga mgongoni mwake. Tangu saa ile mwanangu alihamia mgongo wa wifi yangu.

Miezi ya kipupwe iliyofuata ilikuwa mirefu. Nilimnyonyesha Kiondo nikiwa nimelala, na alipokwisha kushiba aliinyoshea mikono mbeleko ya Nakiete. Aliponizoea alinizoea kama watoto wanavyozoea chungu cha maziwa. Sisemi hivi kwa uchungu. Nakiete alikuwa na mgongo, mimi sikuwa nao, na mtoto anajua.

Jumamosi moja Eliamani alipopanda hakuuliza mtu. Alikwenda kwa vijana aliokuwa akichimba nao mfereji wa maji, wakatengeneza machela kwa miti miwili na blanketi, wakanishusha mpaka Makanya. Njia ile ina mawe na kona, na kila mmoja wao alikuwa na maoni yake. "Inua nyuma." "Nyuma wapi, mimi ndiye mbele." "Shemeji, ukianguka utuambie." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya bata. Makanya tulipanda gari moshi, daraja la tatu, mpaka Same.

Baraza ya hospitali ya Same ilikuwa imejaa kabla jua halijapanda. Hapakuwa na foleni ya watu bali ya vitu: aliyefika mapema aliweka fimbo, kibuyu au kiatu chake mstarini, kisha akaenda kukaa kivulini, na hakuna aliyevuka kitu cha mwenziwe. Eliamani aliweka kofia yake nyuma ya mkuki wa Mmasai. Karibu nami alikaa mama mmoja mwenye jicho lililovimba, na bila kuulizwa alinipa nusu ya ndizi yake ya kuchoma. Sikumjua jina. Bado namkumbuka katika maombi yangu kama "yule wa ndizi".

Daktari alikuwa safarini. Aliyetupokea ni dresa, msaidizi wake, mtu mnene, mwenye kaptula iliyopigwa pasi vizuri, na hakuwa na haraka ingawa baraza ilikuwa imejaa. Alinibonyeza mifupa ya miguu, nikalia. Akaniuliza nilikaa ndani muda gani. Nilipomwambia, aliandika kitu, akanionyesha mlango. Mimi nikabebwa kurudi barazani, Eliamani akabaki dirishani kupokea dawa. Ilikuwa chupa kubwa ya mafuta ya rangi ya manjano.

"Amesema nini?" nilimuuliza.

"Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Ikiisha turudi."

Hayo ndiyo maneno yaliyopanda mlima pamoja na chupa.

Nyumbani mama mkwe alizibua, akanusa, akaiweka chupa chini, nje ya kizingiti.

"Hiki ni nini, Eliamani?"

"Mafuta, mama. Yametoka kwenye ini la samaki."

Lazima nieleze kwamba katika ukoo wa mama mkwe samaki haliwi. Kwake samaki ni nyoka aliyeshindwa kutambaa. Chungu kilichopikiwa samaki hakipikiwi tena kitu kingine, na mwanamume aliyekula samaki huko Makanya, kama wafanyavyo vibarua wa reli, husukutua kinywa kabla ya kuingia nyumbani. Eliamani alikuwa na kawaida ya kusukutua mtoni bila kusema kwa nini.

"Na wamesema afanyeje nayo?" mama mkwe akauliza.

"Kijiko asubuhi, kijiko jioni."

"Anywe?"

Eliamani alijikuna shingo. "Walisema kijiko."

"Mafuta hupakwa," mama mkwe akasema. Na kweli, kwetu mtu akiumwa kiungo hupakwa mafuta ya mbarika, na sijaona mtu mzima mwenye akili akiyanywa. "Wazungu hawana wazimu wa kumnywesha mzazi mafuta ya samaki. Kijiko ni kipimo tu, asiyamalize kwa siku moja."

Mimi mwenyewe niliona ni sawa. Niliposhuka hospitali mguu ndio ulikuwa ukiuma, wala si tumbo.

Basi nilipakwa. Kila asubuhi na kila jioni, kijiko kilichojaa, bila kukosa hata mara moja. Mama mkwe, ambaye hakuweza kulitamka neno samaki bila kukunja pua, alikimimina kijiko kile kiganjani mwake na kunisugua kuanzia kiuno mpaka nyayo. Akimaliza alitoka nje kunawa kwa majivu, kisha kwa majani, kisha kwa majivu tena. Nilinuka hata mbwa wa jirani akaanza kunipenda. Nakikumbuka kiganja chake kile kuliko mambo mengi mema niliyotendewa, ingawa hakikuwa kikiniponya.

Chupa ilipokaribia kuisha nilikuwa sijambo kwa ngozi tu. Ndipo shangazi yake Eliamani alipokuja kutoka Kifaru kuzungumzia arusi ya Nakiete. Ni mwanamke mpole, mjane, watoto wake wamekwisha kuwa watu wazima. Arusi ilipangwa baada ya mvua za vuli, kiangazi kikianza. Wakakaa kuhesabu mbuzi na mahindi, na mwisho shangazi akauliza swali ambalo kila mmoja alikuwa akilikwepa.

"Nakiete akishaolewa, huyu atabebwa na nani?"

 Mama mkwe alikuwa na kifua kibovu, akipanda kilima mwenyewe tu ilimbidi apumzike njiani.

"Nitakuja arusini na mbeleko yangu," shangazi akasema. "Nitakaa naye Kifaru mpaka mama yake apone. Si kwa ubaya, mwanangu," akanigeukia. "Wewe unaona mwenyewe."

Nilikuwa naona.  Nilijua mtoto wa umri ule akienda Kifaru atakuwa mtoto wa Kifaru, na kuja kwetu atakuja kama mgeni. Tangu siku hiyo ugonjwa wangu ulikuwa na mwisho uliopangwa: mpaka arusi ya Nakiete, niwe ninaweza kumbeba mwanangu, au nimkose.

Mama mkwe ndiye aliyesema twende kwa Bibi Mkunde.

Bibi Mkunde alikuwa mchuaji, ng'ambo ya bonde letu. Usimfikirie bikizee wa kunong'ona. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono mipana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na hakuna aliyemsifu kama alivyojisifu mwenyewe. Watu walimjia kutoka Same, kutoka Mwembe, hata kutoka tambarare. Kazi yake ilianza chini ya paa la jiko lake, na jinsi ilivyokua unaweza kuisoma kwa macho, kwa sababu ya sharti lake. Hakudai malipo kabla. Aliyepona alileta nguzo moja ya kujengea, aibebe mwenyewe mpaka pale, bila kusaidiwa na mtu. Asiyeweza kuibeba hajapona, arudi akachuliwe. Nguzo hizo ndizo zilizolirefusha banda lake mwaka hadi mwaka, mpaka likawa kama banda la shule, na yeye aliweza kukutajia kila nguzo ilikuwa kiuno cha nani.

"Ile iliyopinda ni mzee wa baraza la kanisa. Alitaka kutuma mtoto ailete. Nikamwambia, basi kiuno chako nacho kitume mtoto kije kuchuliwa."

Ndani ya banda viti vilipangwa kwa urefu. Kwanza benchi refu la juu, ambalo unaliegemea zaidi kuliko kulikalia. Kisha la chini yake, kisha jingine, na mwisho, karibu na mlango wa kutokea, kigoda cha kukamulia maziwa. Mgonjwa mpya aliwekwa kwenye benchi la juu. Hukuruhusiwa kushuka kiti kingine mpaka uinuke kwenye chako mara kadhaa bila kushika kitu, huku wagonjwa wenzako wakikuangalia na kukuchekesha ili ushike. Aliyeinuka kwenye kigoda mikono ikiwa kichwani aliambiwa akatafute nguzo.

Siku ya kwanza niliinuka kwenye machela, nikaegemezwa kwenye benchi la juu, na Bibi Mkunde akasimama katikati ya banda akivuta hewa puani.

"Nani ameniletea samaki hapa?"

Watu wakaanza kusogea mbali nami, mmoja mmoja, kwa adabu. Mtu mmoja hakusogea. Alikuwa Bwana Omari, mkulima wa mpunga kutoka Bendera, mwenye mkanda wa kitambaa kiunoni na kofia nyeupe iliyochakaa. Huko kwao samaki ni chakula cha kila siku. Yeye alinisogelea akanusa, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Dada, haya si mafuta ya hospitali? Ya chupa kubwa?"

"Ndiyo."

"Mbona umeyavaa?"

Nikamwambia tulivyoelekezwa, kijiko asubuhi na jioni. Bwana Omari aliinama akashika kiuno chake, nikadhani kimembana. Alikuwa anacheka.

"Mjukuu wangu aliyepinda miguu alipewa chupa kama hiyo. Yananywewa, dada. Tulimbana pua akayanywa, akatutukana, akayanywa. Sasa anakimbia kufukuza ndege shambani."

Banda zima likacheka. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma yangu, na sikuthubutu kugeuka. Nilimsikia akisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia, "Anywe."

Bibi Mkunde hakucheka. Alinishika nyonga, akabonyeza hapa na pale kwa vidole vyepesi kuliko nilivyotarajia, akanuna.

"Mimi nitachua," akasema. "Lakini mfupa huu una njaa, na mimi silishi mifupa. Nenda ukanywe dawa ya watu. Halafu uje. Sitaki mtu aseme mikono ya Mkunde imeshindwa, kumbe dawa ilikuwa inaishia kwenye ngozi."

Ilitubidi turudi Same kuomba chupa ya pili. Dresa alipotuuliza imekuwaje, Eliamani aliangalia kofia yake, kwa hiyo nilieleza mimi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ngozi inaendeleaje?" akauliza.

"Ngozi haijambo, Bwana Dresa."

"Naona. Inang'aa." Kisha akaacha mzaha, akasema kosa ni lake pia, kwamba angepaswa kunieleza mimi mwenyewe na kunionyesha. Alichukua kijiko chake, akanimiminia, akangoja mpaka nimemeza. Sitaeleza ladha yake. Nasikia tangu siku hiyo hakumpa mtu dawa ya chupa bila kuona kijiko cha kwanza kikiingia kinywani.

Sasa tukawa na tatizo jipya. Kupaka ni kupaka, kula ni kula, na mama mkwe hakuweza kukubali samaki aliwe chini ya paa lake.  Eliamani alikuwa amejiandaa kugombana naye, niliona kwa jinsi alivyobana meno. Lakini haikufika huko. Mama mkwe alichonga kijiko kipya cha mti, akakitundika pamoja na chupa kwenye mti wa kahawa mwishoni mwa uwanja, mahali penye jiwe kubwa pana.

"Hayaingii ndani," akasema. "Wewe utatoka. Utanyweshwa pale, utasukutua, na utakaa pale mpaka harufu iishe kinywani. Nitakuja kunusa."

Hivyo ndivyo nilivyoishi siku zote za jua zilizotangulia vuli. Asubuhi Nakiete na mama mkwe walinishika mikono mpaka kwenye jiwe, nikanywa, nikasukutua, nikakaa. Jua lilipanda kutoka nyuma ya mlima likanikuta miguu imenyooshwa. Baada ya muda mama mkwe alikuja, akaniambia nipumue, akanusa.

"Bado."

Akaenda zake. Akarudi, akanusa. "Bado." Ile pua ilikuwa kali kuliko hakimu. Jioni ilikuwa vilevile. Mimi niliyefichwa jua kwa miezi mingi nilianikwa kama mahindi. Nakiete alikuja kukaa nami na Kiondo, na hapo juu ya jiwe, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kufanya, mwanangu alianza kunitambalia. Alinipanda miguu kama ngazi. Macho yake ni ya kahawia yenye duara jeusi. Hilo nililijulia pale.

Na kila Jumatano nilipelekwa kwa Bibi Mkunde. Alipasha mawe ya mtoni, akayafunga kwa majani ya mgomba, akaniwekea kiunoni, kisha akachua akizungumza bila kukoma. Halafu nilipelekwa kwenye benchi. Bwana Omari alikuwa mbele yangu kwa kiti kimoja na hakuniacha nisahau.

"Dada wa samaki, leo utashika ukuta?"

"Sishiki, Bwana Omari. Angalia kiuno chako."

Vuli ilianza nikiwa benchi la pili. Ilipokolea nilikwenda ng'ambo kwa miguu yangu mwenyewe, nikiegemea fimbo, Nakiete nyuma yangu na Kiondo mgongoni mwake. Maumivu ya mifupa ya mbele yaliondoka kimya kimya. Siku moja nilijibonyeza kwa mazoea nikakuta hakuna kitu. Mwendo wa bata ulichelewa kuniaga. Bwana Omari alipata nguzo yake, akaileta kutoka Makanya alikoinunua, akitweta na kujisifu, na Bibi Mkunde akamwambia mtu wa mpunga hajui mti mzuri. Alipoondoka alinipungia kofia. Kiti chake nikakikalia mimi.

Chupa ilipoisha Eliamani alileta nyingine. Mvua ilinyesha asubuhi nyingi, na hapo mama mkwe alisimama nami penye jiwe amenifunika kwa jani la mgomba, yeye mwenyewe akilowa, lakini mafuta hayakuingia ndani.

Arusi ilifika. Shangazi alikuja kutoka Kifaru siku moja kabla, akiwa na mbeleko mpya begani, ya rangi ya udongo yenye mistari. Aliniona nimesimama uwanjani bila fimbo, akanisalimu kwa furaha ya kweli, lakini mbeleko hakuiweka chini. Kusimama na kubeba mtoto mlimani ni mambo mawili, naye alikuwa amebeba watoto.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza. Je, unambeba?"

Sikuwa nimejaribu. Bibi Mkunde alikuwa amenikataza mpaka nikishinde kigoda, na kigoda nilikuwa nimekishinda Jumatano ile iliyopita tu. Nilimwomba shangazi mbeleko yake. Akanipa. Nakiete, bibi arusi, aliyekuwa akisukwa nywele, aliinuka na nywele nusu, akamfungua Kiondo mgongoni mwake, akaniwekea. Kiondo alilia, akazinyoshea mikono nywele za wifi yangu. Nilifunga fundo kifuani, nikamrusha kidogo kumweka sawa, na nikaanza kutembea.

Nilikwenda mpaka kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji, huko chini, nikarudi kwa kupanda. Kupanda ndiko kulikokuwa na maana.  Katikati ya kilima Kiondo aliacha kulia, akalaza shavu mgongoni mwangu, na nilisikia joto lake likipita kwenye nguo. Nilifika juu nikihema kama mama mkwe. Mama mkwe alinitazama miguu, wala si uso.

"Umenyooka," akasema.

Shangazi alinifungulia fundo, akalifunga tena vizuri zaidi, juu kidogo. "Mbeleko hii ni ya mtoto," akasema. "Sirudi nayo Kifaru." Akaenda jikoni kusaidia kupika.

Wakati mwingine watu huniuliza kilichoniponya ni kipi. Dresa atasema mafuta. Bibi Mkunde atakuonyesha mikono yake, hata hujamuuliza. Mama mkwe, mpaka leo ambapo Kiondo anakwenda shule, anaamini ni kwa sababu yale mafuta hayakuwahi kuingia ndani. Mimi nawashukuru wote watatu, na yule wa ndizi, na vijana wa machela. Wewe unayeumwa, usichague mmoja ukamficha mwenzake. Mwambie mchuaji umepewa nini hospitali, na hospitali uwaambie nani anakuchua. Uliza dawa inapitia wapi. Na kama umekaa ndani mpaka mifupa inauma, omba utolewe ukae mahali palipo na jua, hata kama watasema hakuna unachokikimbilia.

Limebaki deni la nguzo. Siku chache baada ya arusi nilikata mti wa msitu wa ukoo, nikaumenya, nikauweka begani. Nakiete alikuwa amekwisha kwenda kwake, na Kiondo hakuwa na pa kuachwa, kwa hiyo nilimfunga mgongoni. Nilishuka bondeni, nikavuka mto, nikapanda ng'ambo. Bibi Mkunde alinisikia nikihema akatoka mlangoni na wagonjwa wake nyuma yake. Nilijua ananihesabia hatua, nikajikaza, nikaiweka nguzo chini miguuni pake.

Hakuitazama nguzo. Alikuwa akimtazama Kiondo, ambaye alikuwa amenyosha mkono juu ya bega langu na kuushika ule mti kwa nguvu zake zote, na alikuwa bado hajauachia, hata ukamvuta mpaka tukainama wote wawili.

"Nani alibeba hii?" Bibi Mkunde akauliza.

"Mimi, Bibi."

"Huyu je? Mbona ameshika? Hii imebebwa na watu wawili. Sharti unalijua." Akaipokea nguzo, akaiegemeza ukutani. "Hii nitaiita ya mwanao. Rudi kalete yako."

Banda zima likacheka. Nilitazama njia niliyokuja nayo, mteremko wote, mto, na kilima cha kwetu ng'ambo na moshi wa jiko la mama mkwe. Nilifunga upya fundo la mbeleko, juu kidogo, nikashuka kwenda kuleta nyingine. Sijapata kutumwa kazi kwa furaha namna ile.